Foku ya Mkunga wa Sugoi

Mwaka wa 1979, nikiwa na miaka kumi na minne, baba yangu aliangukiwa na mti akikata mbao za mtu, na shida yangu ikaanza siku hiyo. Nilikuwa darasa la nne kwa sababu nilichelewa kuingia shule. Sikurudi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote na siionei haya, maana wengi walionipita kusoma nimekuja kuwaandika kazi. Nilitoka Yamumbi kwa miguu nikaenda mjini Eldoret kushika spana kwa fundi mmoja mkali wa baiskeli. Miaka ilipopita nikafungua kibanda changu cha mabati karibu na mtaa wa Pioneer. Njaa niliijua, kupigwa nilikujua, na sikuwa mtu wa kutishwa ovyo. Aliyenifundisha kuogopa ni mama mmoja mwembamba, na ndiye nataka kumwandika.

Jina alilopewa na wazazi wake silijui mpaka leo. Tulimwita Mkunga. Alikaa Sugoi, kati ya watu wake, wenyeji wa hizi nyanda za juu. Sisi wa Yamumbi wazazi wetu wengi walitoka sehemu za kati kutafuta mashamba. Miaka ile ya chama kimoja watu walikuwa wameanza kulisema jambo hilo, kwanza kwa sauti ya chini, halafu ya juu kidogo. Mkunga hakuwa na sauti ya chini. Mwanamke wa Yamumbi akiwa na uchungu, alipanda baiskeli akaja Yamumbi. Akiwa wa Pioneer, alikuja Pioneer. Hospitali ilikuwa mjini, sikatai, lakini mvua ikinyesha mfululizo barabara inakuwa uji, na mwanamke hazai kwa kungoja barabara ikauke.

Alikuwa mwembamba kama bua la mahindi lililosahauliwa shambani baada ya kuvuna. Alivaa sweta ya kijani, sketi ndefu aliyoikunja kiunoni akipanda baiskeli, na gambuti. Wanawake kwa baiskeli hawakuwa wengi siku zile, na wanaume walisimama kumwangalia. Hakuwajali. Nyuma alifunga mkebe wa majani chai, ndani yake sabuni, wembe mpya na uzi. Alikuwa mtu wa kanisa, anakaa benchi la mbele, na chini ya sweta alificha kijichupa cha ugoro. Nilimwuliza siku moja kama pasta anajua.

"Pasta anajua mambo ya mbinguni," akasema. "Ugoro uko hapa chini."

Waume wa watu aliwaona kama mbuzi walioingia jikoni. Alisema mwanaume akisimama mlangoni anakula hewa ya watu wawili. Kuna mwenye duka mmoja wa Pioneer, mtu mzito, alilia mke wake alipoanza uchungu. Mkunga akatoka nje akamwambia, "Baba, nahitaji yule jogoo mwekundu, sasa hivi, na asishikwe na mtu mwingine." Yule mtu akamkimbiza jogoo kwa shamba lake, kwa shamba la jirani, akaanguka kwa mtaro wa maji. Aliporudi na jogoo kwapani, mtoto alishafungwa kwa shuka.

"Huyu jogoo ulikuwa unamtakia nini, Mama?"

"Sikumtaka jogoo. Nilitaka wewe utoke."

Hakula chakula katika nyumba aliyozalisha mpaka mtoto anyonye kwanza. Ukimwambia asante alikasirika kweli, hakuwa anajifanya. "Asante peleka kanisani," alisema, na anaondoka. Nimeona watu wakimfuata na kuku barabarani, naye anakanyaga pedeli kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Sasa huyu mama ambaye damu haikumshtua, mwenye kuingiza mkono mahali ambapo wewe na mimi tungezimia, aliogopa mteremko. Kilima cha kupanda alikipanda amesimama kwa pedeli, anapumua kama treni. Akifika juu na barabara ikaanza kushuka, anateremka kwa baiskeli, anaisukuma mpaka chini kabisa. Nilimcheka.

"Kupanda naona ninakoenda," akaniambia. "Kushuka ni kuamini breki, na breki imefungwa na mtu kama wewe."

Fundi wake nilikuwa mimi. Hayo maneno ndiyo malipo niliyopata.

Baiskeli yenyewe haikuwa kama zile nyeusi za kubebea maziwa. Mzungu mmoja alikuwa amekuja Eldoret kukimbia na vijana wetu wenye mbio, akaja na baiskeli ya milimani, ya chuma tupu, tairi nene zenye meno na gia za kutosha kuchanganya mtu. Alipoondoka aliiacha kwa masista, na masista wakampa Mkunga. Ilikuwa ngumu kama reli. Mbele ilikuwa na foku ya kawaida, ile chuma yenye miguu miwili inayoshika gurudumu, bila springi wala kitu cha kupunguza kishindo. Barabara zetu za murram, udongo mwekundu usio na lami, zikipigwa na jua baada ya mvua zinafanya mawimbi madogo magumu, moja baada ya lingine. Kila wimbi linapanda kwa foku, linapita kwa usukani, linaingia kwa kiganja. Kutoka Sugoi mpaka Yamumbi ni mawimbi mangapi, Mungu ndiye anajua. Tena si safari moja. Ni miaka.

Mwaka wa 1990 alikuja kibandani asubuhi, mvua ndefu zikiwa karibu. Nilidhani ni breki. Hakushika breki. Alikaa kwa kigoda, akaweka mikono yake juu ya meza yangu ya kazi, viganja juu.

"Fundi, chukua msumari mdogo. Nichome kwa ncha za vidole, kimoja kimoja. Mimi nitaangalia barabara. Nitakuambia ni kipi umechoma."

"Mama, hiyo kazi ya daktari."

"Daktari hana baiskeli yangu. Fanya."

Nilifanya. Nilianza na kidole gumba cha kushoto, nikaenda mpaka kidole kidogo, nikaja mkono wa kulia. Vingine nilichoma kidogo tu kwa huruma, kimoja kikatoa tone la damu. Yeye alikuwa ameangalia barabara, mkokoteni wa kabeji ukipita.

"Anza basi," akasema.

Nilikuwa nimemaliza.

Nataka mtu aelewe kwa nini niliogopa. Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Ya kwanza na ya pili hazikufika, na ya pili karibu imchukue na yeye. Tangu hapo alisema hatashikwa na mtu mwingine ila Mkunga, kwa sababu Mkunga ndiye aliyemrudisha. Mkunga alisoma tumbo kwa vidole. Aliweka mikono, akafumba macho, akasema kichwa kiko hapa, mgongo hapa, amegeuka, hajageuka. Sasa hivyo vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na mke wangu tumbo lilikuwa limeshatangulia mlangoni.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Ilikuwa inakuja na kwenda. Sasa inakuja haiendi." Akaifunga mikono yake ndani ya sweta. "Jana nimeshika mtoto wa watu nikadhani nimeshika shuka."

Alisema hivyo akiangalia chini. Sikuwahi kumwona hivyo. Halafu akasema nisimwambie mke wangu, na sikumwambia, na nililala na hilo jambo kama mtu aliyelala na nyoka kwa blanketi.

Kwanza nilifunga usukani kwa vipande vya mpira wa ndani ya tairi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mnene kama mkono wa mtoto. Haikusaidia. Nikamwambia atembee kwa miguu. Akaniuliza kama mtoto atamngoja. Nikamwambia atumie matatu. Akaniuliza ni matatu gani inapita kwa shamba la watu. Basi kijana mmoja mkimbiaji aliyekuwa amerudi kutoka mashindano ya ng'ambo, aliyekuja kujaza upepo, akatuambia kwamba huko wazungu wameanza kuweka springi kwa foku ya baiskeli za milimani, kama pikipiki. Aliona kwa macho yake. Mkunga akageuka akaniangalia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Hiyo kitu haiko Kenya."

"Itafute kabla sijamaliza vidole."

Nilitafuta kwa wauza vyuma chakavu wote wa mji. Nilipata mbili. Ya kwanza ilikuwa ya pikipiki ndogo iliyokufa, miguu miwili minene, ndani springi na oili, inang'aa ukiipiga kitambaa. Ya pili ilitoka kwa baiskeli ya zamani sana iliyoachwa na walowezi, yenye springi moja nyembamba iliyokaa nje kati ya vyuma viwili, ina kutu, na ukiibonyeza inalia kama kifaranga. Nikaziweka zote mbili mbele ya kibanda ili achague.

Hapa kwetu kitu chochote cha kubeba kinapimwa kwa gunia la mahindi. Punda tunampima kwa gunia, mkokoteni kwa gunia, hata bwana harusi nimesikia wakiuliza anainua gunia au hainui. Mkunga alizaliwa kwenye mahindi kama sisi sote. Akasema, "Leteni gunia." Wabeba maziwa waliokuwa wakingoja pancha zao wakaleta gunia lililojaa kutoka duka la jirani. Tukaifunga foku moja moja kwenye baiskeli, tukalaza gunia kwa usukani, watu wakishika huku na huku.

Ile ya walowezi ililala chini yote mara moja, chuma kikagonga chuma. Watu wakacheka.

"Hiyo ni ya kubeba mkate," mmoja akasema.

Ile ya pikipiki ilishuka polepole, ikasimama katikati, ikapanda polepole. Ilikuwa kama ng'ombe anayelala chini kwa heshima.

"Hiyo ni ya gari," wakasema. "Mama, chukua hiyo. Hiyo utazeeka uiache."

"Wewe unasemaje, Fundi?"

"Imeshinda. Kila mtu ameona."

"Basi funga hiyo."

Nilifunga. Ilinibidi nichonge na kuunganisha mpaka jioni, maana shingo ya foku na ya fremu hazikuwa ndugu. Baiskeli ikainua pua juu kama fisi. Mkunga akaenda nayo Sugoi, na mimi nikaenda nyumbani nikala ugali vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Alirudi uso ukiwa na mchubuko na mikono ikiwa mibaya zaidi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akapanda, akakaa kwa kiti, akashika usukani. "Angalia," akasema. Nikaangalia. "Angalia springi, si mimi." Springi haikuwa imeshuka hata upana wa kucha. Akaruka-ruka juu ya kiti, yule mama mzima, na foku ikasimama imara kama nguzo ya simu. Uzito wake wote haukutosha kuiamsha.

"Hii foku inangoja gunia," akasema. "Mimi si gunia."

Sasa alikuwa anabeba chuma kizito zaidi, kishindo ni kilekile, na pua iliyoinuka ilifanya usukani kuyumba. Ndiyo iliyomtupa. Nikasema tufunge ile nyingine. Akakataa. Mkaidi alikuwa, hilo siwezi kumfichia. Watu wote waliona ile ikilala chini, sasa aende barabarani na kitu kilichochekwa? Akasema springi nzito itazoea. Nikamwambia springi si ndama, haizoei. Akaondoka.

Niseme kidogo juu ya hofu ya miaka ile, kwa sababu vijana wangu wakisikia wanadhani naongeza chumvi. Karatasi za kulaumu serikali zilikuwa zikiokotwa asubuhi, zimetupwa barabarani. Aliyeonekana akiokota alikuwa na shida, aliyeonekana akipita bila kuokota alikuwa na shida. Mtu alichukuliwa, na ukiuliza ameenda wapi unaenda kumwona. Mwenye bucha alikagua gazeti kabla ya kufunga nyama, asije akapaka damu kwa picha ya uso wa mkubwa wa nchi. Hatukusema neno "mabadiliko" hata tukiongea juu ya hewa. Na hapo ndipo Mkunga alikuwa akizunguka kutoka kwa watu hawa mpaka kwa watu wale, na msemo wake mmoja aliousema popote, sokoni, kanisani, kwa foleni ya kisima: "Mtoto hana chama." Watu waliposikia walitawanyika kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Nilimwomba aache. Akasema yeye anaongea juu ya watoto.

Basi mchana mmoja vijana wa chama walimleta kibandani kwangu. Mkubwa wao alikuwa jamaa mmoja wa kofia, mwenye rungu jipya ambalo hata gome lilikuwa bado linanuka. Wawili walisukuma baiskeli. Mkunga alitembea mbele kama ndiye aliyewakamata.

"Wewe ndiye ulitengeneza hii?" jamaa wa kofia akaniuliza.

"Ni mimi, mkubwa."

"Hii mirija miwili mbele ina nini ndani?"

"Springi, mkubwa. Na oili."

"Baiskeli ina springi tangu lini? Huyu mama anatoka huku anaenda kule kila siku. Anaingia nyumba za watu, wanaume wanatolewa nje. Sasa amewekewa mirija. Fungua tuone karatasi."

Mkunga akafungua mdomo. Jamaa akainua kidole. "Na usiniambie ulinizalisha. Kila mtu unamwambia hivyo."

"Wewe sikukuzalisha," Mkunga akasema. "Hicho kichwa ningekumbuka."

Mmoja wa wale wawili akacheka, akajuta. Mimi sikucheka. Nilichukua spana polepole. Sababu ya hofu yangu naiandika wazi: sikujua. Alikuwa na ile baiskeli siku nyingi, na mfuniko wa ile mirija unafunguka kwa spana ya kawaida. Mama asemaye mtoto hana chama kwa foleni ya kisima, anaweza kuwa amebeba nini? Nilimwangalia usoni anipe hata dalili ya jicho. Alikuwa anaangalia barabara, vilevile kama siku ya msumari. Akilini nilimwona mke wangu anazaa peke yake, mimi na Mkunga tukiwa mahali pasipoulizwa. Nilifungua mfuniko wa kwanza.

"Inamisha," jamaa akasema, akasogea karibu.

Nikainamisha. Ikatoka oili nyeusi, yote, ikamwagikia viatu vyake vya hudhurungi vilivyopigwa rangi. Halafu springi. Halafu hakuna. Nikafungua wa pili. Oili, springi, hakuna. Akaingiza kijiti ndani, akazungusha, akakitoa, akakinusa. Akapangusa viatu kwa gunia langu la kufutia mikono, akasema yule mama aangalie njia zake, na mimi niangalie wateja wangu. Wakaenda.

Mkunga alikaa kwa kigoda.

"Ulidhani karatasi ziko," akaniambia.

"Nilidhani."

"Hata mimi niliogopa zisije zikawa ziko," akasema. "Baiskeli inalala nje. Mtu angeweza kuweka."

Akatoa kijichupa, akashindwa kukifungua, nikamfungulia. Foku ya pikipiki ilikuwa vipande-vipande miguuni petu na oili yake imenywewa na mchanga. Sikumwuliza tena. Nilichukua ile ya walowezi, nikaisugua kutu, nikaifunga. Safari hii hapakuwa na gunia. Nilimwambia apande mwenyewe. Akapanda, na ile springi nyembamba ikashuka nusu, ikalia kama kifaranga, ikapanda. Akashuka kwa baiskeli, akapanda tena. Akaenda mpaka kwa mashimo ya mbele ya duka, akayapita yote, akarudi.

"Inalia," akasema.

"Iache ilie, Mama. Ikilia yenyewe mikono inanyamaza."

Tangu hapo ukisikia kile kilio barabarani unajua Mkunga anapita, na wanawake walitoka kwa milango kumsalimia. Nilimwuliza kila alipokuja: mikono? Alisema, "Mikono iko." Nilimwuliza tena: inasikia? Alisema, "Fundi, shughulika na mnyororo."

Siku ya mke wangu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilituma mtu Sugoi, halafu nikasimama kwa barabara ya Yamumbi nikisikiliza. Mtu aliyewahi kungoja kama hivyo anajua jinsi maji yanavyoweza kulia sauti zote. Nilisikia kifaranga mara nyingi kabla hajaja kweli. Alifika saa tisa mchana, tope mpaka kifuani, akaosha mikono mpaka kwa viwiko, akasugua, akasugua tena, akanifungia mlango usoni. Hakunituma jogoo. Hilo ndilo lililonitisha zaidi ya yote. Nilizunguka nyumba nikiwa nimelowa. Nilisikia mke wangu, halafu nikasikia kimya, na kile kimya kilikuwa kirefu, na ndani yake nilisikia sauti ya Mkunga ikisema kitu kwa lugha yake, chini-chini, tena na tena.

Halafu mtoto akalia. Msichana. Alizaliwa kitovu kimemzunguka shingo, na Mkunga alikitoa.

Alipotoka nje hakuniangalia. Alikaa kwa ngazi mpaka aliposikia mtoto ananyonya, ndipo akakubali chai. Nilisema asante kabla sijakumbuka. Akaniambia niipeleke kanisani, nami Jumapili nikaipeleka.

Miaka imepita mingi. Chama kile kilipata wenzake, watu wakagombana, wakarudiana, mambo ya Yamumbi na Sugoi mengine siyaandiki kwa sababu bado watu wanaishi. Baiskeli zilikwisha, zikaja pikipiki, na mimi nikafuata pikipiki. Yule mama aliacha kazi akiwa mzee. Nilisikia yuko hai, nikasema nitaenda, sikuenda, nikasema nitaenda. Mwaka juzi nikaenda.

Nilimkuta kwa jua nje ya nyumba ya mtoto wake wa kiume, amefungwa shuka mbili, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alinijua kwa sauti. Nilimwambia msichana wangu sasa ni mama wa watoto wawili na anafanya kazi ya mifugo. Akatingisha kichwa kama mtu anayehesabu. Mjukuu wake akaleta chai kwa vikombe vya chuma, akaviweka mbele yetu, akaenda. Mkunga hakugusa chake.

"Fundi, shika kikombe changu. Ni moto?"

Nilishika. "Ni moto, Mama. Ngoja kidogo."

"Niambie ikipoa. Nimeshajiunguza mara nyingi, najua tu nikisikia ngozi inanuka."

Nikaona viganja vyake. Vilikuwa na makovu meupe. Nikasema uzee ni mbaya. Akasema si uzee.

"Ule mkono wa kulia ulirudi kidogo na ile springi yako," akasema. "Wa kushoto haukurudi. Haukurudi hata siku moja."

Ng'ombe alikuwa analia upande wa pili wa ua.

"Sasa msichana wangu," nikasema. "Ile siku."

"Kitovu nilikitoa na wa kulia. Kichwa kilikuwa kwa wa kushoto." Aliinua mkono wake wa kushoto akauangalia, kama mtu anavyoangalia mbwa aliyewahi kuuma. "Siusikii. Sijui kama umeshika ama umeachilia. Nilikuwa nauangalia kwa macho tu, nauambia, shika, shika, shika. Nikipepesa macho nadhani ameanguka."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungemtafuta nani? Mvua ile?"

Nina miaka sitini, nimezika wazazi, nimesimama mbele ya watu wenye rungu, na nilikaa pale kwa jua la Sugoi meno yakigongana kwa sababu ya mtoto aliyezaliwa zamani akiwa salama. Yeye aliniona. Hakunifariji, hakuwa mtu wa hivyo.

"Kikombe," akasema.

Nilishika. "Kimepoa, Mama." Nikauweka mkono wake wa kulia juu yake, akakifunga kwa vidole, akaangalia kwanza kama ameshika, ndipo akanywa.

Alikufa mwaka huo huo. Nilienda kuzika, nikasimama nyuma.

Leo niko na nyumba ya mawe Yamumbi, yenye choo ndani. Niko na shamba, nusu mahindi, nusu nyasi. Niko na ng'ombe wa maziwa sita na ndama. Niko na duka la vipuri vya pikipiki Pioneer, na mafundi wanne ninaowalisha. Niko na pikapu moja, inahitaji tairi. Niko na mke. Msichana wangu simhesabu hapa, kwa sababu si mimi niliyemshika.